Ada ya Jina: Nani Atozaye, na kwa Mamlaka Gani?

Hotuba ya Mkaguzi wa Ushirika kwa wenyeviti na makatibu wa vyama vya msingi, iliyotolewa katika semina ya Chama Kikuu



Ratiba ya semina hii inasema kwamba nitazungumza juu ya utunzaji wa stakabadhi. Nitaitimiza ahadi hiyo, ila kwa njia ya stakabadhi moja tu, ambayo imenisumbua kuliko zote nilizopata kuzishika katika kazi yangu ya ukaguzi.

Stakabadhi hiyo niliikuta katika jalada la malipo la chama kimoja cha msingi cha wakulima wa kahawa. Sitakitaja, kwa kuwa hasara waliyoipata inawatosha. Ilikuwa imeandikwa kwa mkono katika kitabu cha stakabadhi cha kununua dukani, nayo ilisema: "Ada ya Serikali ya jina la intaneti, mwaka mmoja, shilingi 350,000." Chini yake palikuwa na sahihi ya kijana aliyewatengenezea tovuti. Pembeni palikuwa na alama ya vema kwa wino wa kijani. Ndugu zangu, alama ile ni ya mkono wangu. Nilipoikagua mara ya kwanza niliona neno "Serikali", nikaona kiasi kinalingana na hati ya malipo na kitabu cha fedha, nikapitisha. Sikuuliza ni idara ipi ya Serikali, wala kwa sheria gani.

Mwaka wa tatu jina lile lilizimika. Barua pepe za mnunuzi wa ng'ambo, ambaye alikwisha kuletewa sampuli za kahawa yao, zikawa zinamrudia kana kwamba chama kimekufa. Katibu alidhani ni hitilafu ya mtandao wa simu. Msimu ukapita. Walipokuja kutanabahi, jina lilikuwa limekwisha andikishwa na mtu mwingine wasiyemjua, naye alikuwa radhi kuliuza kwa fedha ambayo chama hakina. Kijana yule alikwisha kuhama, na simu yake haipatikani. Katika mkutano mkuu mzee mmoja, mwanachama tangu vyama viliporudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, alisimama akasema: "Jina la chama hiki tulipewa na Mrajis. Limo katika hati ya kuandikishwa, na hati imo katika kasha. Serikali hii nyingine inayotuuzia jina letu wenyewe ni ipi?"

Meza kuu ilinyamaza. Mimi nilikuwa nimekaa meza kuu.

Haya nitakayoyasema leo ni jibu nililomtafutia mzee yule. Limenichukua mbali, hadi katika mahakama ya Washington, nami nawaomba mnivumilie, maana kesi niliyoikuta huko inafanana mno na mambo ya makato tunayogombania kila msimu.

Tuanze na jina lenyewe. Kompyuta hazijuani kwa majina. Hujuana kwa tarakimu, kama simu. Mtandao ulipokuwa bado mdogo, mali ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani na vyuo vichache, orodha ya majina pamoja na tarakimu zake ilitunzwa katika faili moja huko Taasisi ya Utafiti ya Stanford, California, katika ofisi iliyosimamiwa na mama mmoja, Elizabeth Feinler. Mashine zilipozidi, faili moja haikufaa tena. Mwaka 1983 Paul Mockapetris, aliyekuwa akifanya kazi na Jon Postel katika Chuo Kikuu cha Southern California, alibuni mpango unaotumika hadi leo. Katika mpango huo majina yamepangwa kwa ngazi, na kila ngazi ina mtunza daftari wake. Jina husomwa kuanzia mwisho. Likiishia na "or.tz", basi "tz" ni daftari la nchi yetu, "or" ni daftari la mashirika ndani ya nchi hiyo, na kilichotangulia mbele yake ndicho jina la chama chako. Ni kama mkoa, wilaya, kata na kijiji.

Kila fungu la namna hiyo kwa Kiswahili huitwa kikoa. Waliotoka pwani watatabasamu wakilisikia neno hili, kwa kuwa kikoa tangu zamani ni desturi ya watu kula pamoja kwa zamu, leo kwangu, kesho kwako. Ni neno la ushirika kabla ya ushirika kuandikishwa na mtu yeyote. Katika kikoa cha chakula kila mmoja alijua ni zamu ya nani, mchele ulikuwa kiasi gani, na nani aliyepika. Katika kikoa cha intaneti mambo hayo matatu ndiyo yanayotupotea.

Miaka ya mwanzo jina halikulipiwa. Jina la kwanza lililoishia na ".com", yaani symbolics.com, liliandikishwa tarehe 15 Machi 1985 bila ya malipo, na yaliyofuata kadhalika. Kazi ile ilikuwa na gharama, ila gharama yenyewe ilibebwa na Serikali ya Marekani. Mwaka 1993 kazi ya kuandikisha majina ya watu wasio wanajeshi ilikabidhiwa na Shirika la Taifa la Sayansi la nchi hiyo kwa kampuni moja ya jimbo la Virginia iitwayo Network Solutions. Nataka niseme pembeni kwamba mkataba wao kwa Kiingereza una jina linalofanana na la ushirika wetu. Asidanganyike mtu. Haukuwa na mwanachama hata mmoja, wala hisa, wala mkutano mkuu.

Kisha wafanyabiashara wakaingia. Kufikia mwaka 1995 yalikuwa yameandikishwa majina zaidi ya 120,000, na Shirika la Sayansi likaona kwamba hakuna sababu ya mlipa kodi kugharimia majina ya makampuni. Kwa hiyo tarehe 14 Septemba 1995 ada ikaanza kutozwa: dola 100 kwa miaka miwili ya kwanza, na baada ya hapo dola 50 kila mwaka. Majina ya vyuo na ya ofisi za serikali yaliendelea kugharimiwa na Shirika. Mpaka hapo mimi sioni ubaya. Anayehudumiwa aigharimie huduma yake. Hata sisi tunatoza kiingilio.

Ubaya ulikuwa katika mgawanyo. Katika kila dola 100, dola 70 zilikuwa za kampuni kwa kazi yake. Dola 30 zilizosalia ziliwekwa katika mfuko wa pekee, ambao ilisemekana ni wa kuhifadhi na kuendeleza misingi ya elimu ya intaneti. Hebu tupige hesabu kama makatibu. Majina 1,000 mapya yanaleta dola 100,000. Katika hizo, dola 30,000 hazilipii karatasi, wala mashine, wala mshahara wa karani anayeandikisha. Zinakwenda katika mfuko ambao mlipaji hana sauti juu yake, hajaambiwa utafunguliwa lini wala kwa faida ya nani. Kwa kipindi cha miaka miwili na nusu hivi fedha za mfuko ule zilifika makumi ya mamilioni ya dola. Na mtu asiyetaka kulipa hakuwa na mlango mwingine wa kubisha, kwa sababu majina ya ".com" yaliandikishwa na kampuni ile peke yake.

Mwezi Oktoba 1997 baadhi ya wenye majina walikwenda mahakamani. Mapema mwaka 1998 Jaji Thomas Hogan alizuia fedha zile zisitumike, na tarehe 6 Aprili 1998 akaamua kwamba asilimia ile 30 haikuwa ada. Ilikuwa kodi. Nawaomba makatibu mwandike tofauti hii katika madaftari yenu, maana ndiyo iliyonileta hapa. Ada ni malipo ya huduma anayoipata mlipaji mwenyewe, nayo haina budi kulingana na huduma hiyo. Kodi ni fedha inayochukuliwa kwa mtu ili ifanye kazi ya umma, apate asipate. Dola 30 zile hazikumwandikishia mtu jina lake. Zilikuwa za umma. Basi, kwa Katiba ya Marekani, mwenye mamlaka ya kutoza kodi ni Bunge lao, na Bunge lilikuwa halijalipa Shirika la Sayansi mamlaka hayo.

Je, walalamikaji walirudishiwa fedha zao? Hawakurudishiwa. Tarehe 1 Mei 1998, wiki nne tu baada ya hukumu, ilitiwa sahihi sheria ya matumizi ya nyongeza ya Serikali, na ndani yake kulikuwa na kifungu kilichohalalisha makusanyo yale tangu siku yalipoanza. Mwaka 1999 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba Bunge linaweza kuhalalisha jambo hata baada ya kutendeka. Kesi ikaishia hapo.

Nilipoisoma habari hii mara ya kwanza niliweka karatasi chini nikatoka nje kupunga hewa. Niliona kwamba fedha ilichukuliwa kwanza, sheria ikafuata nyuma kama mbeba mizigo. Na bado ndivyo ninavyoona. Lakini nilipoirudia niliona na upande wake wa pili. Tangu tarehe 1 Aprili 1998, yaani siku chache kabla ya hukumu ile na baada ya jaji kuuzuia mfuko, fungu la asilimia 30 lilikuwa limekwisha ondolewa, na ada ikashuka hadi dola 70 kwa miaka miwili, au dola 35 kwa mwaka. Na makato ambayo maofisa waliyaweka kwa kurekebisha mkataba wao na kampuni yalilazimika kwenda kusimama mbele ya wawakilishi wa watu na kuombewa kura. Yote hayo kwa sababu watu wachache waliiangalia ankara ya dola 100 wakauliza hizi 30 ni za nini.

Ndugu Mwenyekiti, huko ni Marekani. Lakini Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 138, inasema jambo hilo hilo: hakuna kodi itakayotozwa ila kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge. Ndiyo maana ushuru wa mazao wa halmashauri ulipopunguzwa katika mwaka wa fedha 2017/18, kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara, ulipunguzwa na Bunge, si kwa barua ya ofisa. Na katika chama cha msingi bunge ni mkutano mkuu. Makato ya kilo ya kahawa, hata yakiwa shilingi 10, yasiyopitishwa katika makisio na mkutano mkuu, yana ugonjwa ule ule wa zile dola 30, hata kama shabaha yake ni njema. Na aghalabu shabaha huwa njema. Mfuko wa intaneti nao ulikuwa na shabaha njema.

Nimekagua leja ambazo zina safu saba za makato. Ya chama cha msingi naielewa, na ya Chama Kikuu pia. Kuna ya mfuko wa pembejeo, ambayo mwenyekiti huweza kueleza akipewa muda. Kuna na safu ya mwisho iitwayo "mengineyo". Mkulima huambiwa bei iliyobaki, hutia kidole gumba au sahihi, akaenda zake. Mimi nimekaa na makatibu usiku kucha tukiitafuta ile "mengineyo" ilikotoka, na mara mbili tuligundua kwamba ilianza kama mchango wa mara moja wa kuezeka ghala. Ghala liliezekwa, mabati yakaanza kupata kutu, mchango ukaendelea.

Hata serikali zenyewe hujitoza bila kufikiri. Huko Marekani lipo fungu la majina lililotengwa kwa ofisi za umma, linaloishia na ".gov". Kwa miaka mingi kila ofisi iliyotaka jina la namna hiyo, hata ya mji mdogo, ilitakiwa kulipa dola 400 kwa mwaka. Fikirini halmashauri ndogo yenye karani mmoja: itanunua jina la kibiashara lenye bei nafuu, na wananchi wake hawataweza kutambua tovuti ya kweli na ya tapeli. Mwezi Aprili 2021 usimamizi ulihamishiwa idara ya usalama wa mitandao, kwa sheria iliyopitishwa Desemba 2020, na ada ikafutwa kabisa. Ada iliyokuwa kubwa kuliko huduma yake ilikuwa imewafukuza wale wale waliokusudiwa kuhudumiwa.

Nirudi kwenye zile dola 70 zilizobaki kwa kampuni, maana msidhani nimezisahau. Walalamikaji walizilalamikia nazo, wakisema zinazidi gharama ya kazi, lakini hapo mahakama haikuwasikiliza. Aliyewasikiliza ni soko. Mwaka 1998 liliundwa shirika lisilo la faida, ICANN, lenye makao yake California, ili lisimamie majina haya, na mwaka 1999 milango ikafunguliwa kwa wauzaji wengine. Kampuni ilibaki na daftari kuu, lakini ilitakiwa kuwauzia wauzaji wote kwa bei moja ya jumla. Bei hiyo ilianza kwa dola 9 kwa mwaka, na mwaka 2000 ikawa dola 6. Linganisheni na dola 35. Kwa haki niseme kwamba hizi si sawa kabisa, kwa kuwa dola 6 ni bei ya jumla na muuzaji huongeza yake. Hata hivyo tofauti ni kubwa mno kuitwa gharama ya ukarani.

Mwaka huo huo wa 2000 kampuni ya Verisign iliinunua Network Solutions kwa mapatano yaliyotangazwa kuwa na thamani ya dola bilioni 21. Bilioni 21, ndugu zangu, na kitu cha thamani kilichokuwa ndani yake ni daftari. Daftari la ".com" lingali mikononi mwa Verisign, na bei yake ya jumla, ambayo hupandishwa kwa mipaka iliyowekwa katika mikataba, ilifikishwa dola 10.26 mwezi Septemba 2024.

Sasa naweza kumjibu mzee. Jina la chama kile liliishia na ".com". Hakuna Serikali iliyowauzia, si yetu wala ya Marekani. Mwenye daftari ni kampuni, muuzaji ni wakala, na kijana alikuwa mtu wa katikati. Hata tukiihesabu dola kwa shilingi 2,700, bei ya jumla ya mwaka mmoja haifiki shilingi 28,000. Yawezekana zile 350,000 zilikuwa pamoja na nafasi ya kuhifadhia tovuti katika seva, ambayo ni malipo mbalimbali na jina, na pamoja na ujira wa kijana, ambao ni haki yake. Basi angeandika hivyo, mistari mitatu. Neno "Serikali" liliandikwa kwa sababu ni neno linalonyamazisha maswali, na la mkaguzi lilinyamaza la kwanza.

Kwa majina ya nchi yetu habari ni nyingine. Daftari la ".tz" lilianza mwaka 1995. Mwaka 2006 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, pamoja na watoa huduma za intaneti waliunda kituo cha kulitunza, tzNIC, na mambo ya majina haya yako chini ya sheria yetu wenyewe, Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Makampuni huandikishwa katika "co.tz", mashirika yasiyo ya kibiashara katika "or.tz", na "go.tz" ni ya Serikali. Anayewauzia wananchi ni msajili aliyeidhinishwa. Msajili huyo anatakiwa awape ankara yake, ya jina lake. Ukiona kutofautiana, ipo ofisi hapa nchini ya kuiandikia barua kwa Kiswahili na kupata jibu. Kwa chama ambacho mnunuzi wake yuko ng'ambo na bodi yake iko kijijini, naliona hilo kuwa jambo zito kuliko tofauti ya bei.

Nimeulizwa na katibu mmoja kabla ya kikao juu ya ".coop". Ni kweli, kiko kikoa cha vyama vya ushirika. ICANN ilikikubali mwezi Novemba 2000 pamoja na vingine sita, kikaanza kutumika mwaka 2002, na si kila mtu anayeweza kuandikishwa humo. Bei yake aghalabu ni kubwa kuliko ya ".com". Sisemi kila chama cha msingi kikimbilie huko. Chama Kikuu kinaweza kulifikiria, kisha kuwapa vyama wanachama majina madogo chini ya jina lake, kwani mwenye jina moja anaweza kulipasua ndani yake mara nyingi apendavyo bila ya kulipa ada nyingine ya kuandikisha. Hapo ndipo pangekuwa kikoa kwa maana ya wazee wa pwani. Ndugu Meneja, hilo naliacha mezani kwako.

Limebaki jambo moja lililonitia uchungu zaidi kuliko fedha. Jina halinunuliwi, hukodishwa kwa miaka. Muda wake ukiisha halipotei siku ile ile. Kwa ".com" wakala huweza kulishikilia hadi siku 45. Baada ya hapo zipo siku 30 za kulikomboa kwa malipo ya juu zaidi, kisha siku 5 za mwisho, ndipo linakuwa la yeyote atakayewahi. Jumla ni siku kama 80. Nilifungua kitabu cha kumbukumbu za mikutano cha chama kile nikahesabu: katika siku hizo bodi ilikutana mara mbili. Mara ya kwanza ilijadili mizani iliyoharibika. Mara ya pili ilijadili posho. Maonyo ya wakala yalikuwa yanakwenda katika anwani ya barua pepe ya kijana, kwa kuwa jina lilikuwa limeandikishwa kwa jina lake mwenyewe, si la chama. Kisheria chama hakikupoteza kitu, kwa sababu hakikuwa nacho.

Kuanzia msimu huu, nitakapofika katika vyama vyenu, nitaomba kuona ni nani aliyeandikwa kuwa mwenye jina, nami natarajia kukuta jina la chama kama lilivyo katika hati ya Mrajis. Anwani ya mawasiliano iwe ya ofisi, na neno la siri liwe katika bahasha iliyofungwa, ndani ya kasha, pamoja na hati ya kuandikishwa. Ankara iwe ya msajili. Kama fundi ndiye aliyelipa kwa niaba yenu, atoe ankara aliyopewa yeye, na ujira wake uandikwe mbali. Katika makisio jina liwe na mstari wake, seva mstari wake, fundi mstari wake. Na tarehe ya kwisha muda iandikwe katika kumbukumbu za bodi, maana mwenyekiti hubadilika, katibu huhama, lakini kitabu cha kumbukumbu hubaki. Chama ambacho hakina jina la intaneti kabisa hakina kosa, wala asitokee mtu akawaambia kwamba Serikali inawalazimisha.

Chama kile kimekwisha kuandikisha jina jipya, safari hii katika daftari la nchi, na katibu ananiambia kwamba amemwandikia mnunuzi barua kumweleza yaliyotokea. Hadi nilipoondoka nyumbani juzi kuja hapa jibu lilikuwa halijafika.

Mzee nilimpelekea jibu hili nyumbani kwake. Alilisikiliza lote, akauliza swali moja tu, la ile alama ya kijani. Taarifa yangu ya ukaguzi ya mwaka ule nimeiandika upya kwa Mrajis, na alama ile nimeitaja humo kuwa ni kosa la mkaguzi. Nakala iko kwa Ndugu Meneja, na mwanachama yeyote anaweza kuiomba akaisoma.